Usiiandike Kwenye Sivii

Mdogo wangu wa Umoja, swali lako nimelipata. Una diploma ya uhasibu, daktari alikuambia una usonji ukiwa tayari umemaliza sekondari, na sasa umeona tangazo la karani wa stoo kule Industrial Area. Unauliza uwaambie au unyamaze. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu wenzako wa Kayole, Donholm na Dandora wana swali hilo hilo, na mama mmoja wa Jericho ameliuliza kwa niaba ya kijana wake. Huyo mama tutafika kwake, nina ugomvi naye kidogo.

Sipendi kumzungusha mtu, kwa hiyo jibu langu natanguliza. Kwenye sivii usiandike. Kwenye fomu ya serikali inayouliza kuhusu ulemavu, jibu ndiyo ikiwa una kadi ya watu wenye ulemavu. Kwenye mahojiano sema unachohitaji, jina la hali yako libaki mfukoni. Barua ya kazi ikishafika mkononi, mwambie mtu mmoja, tena kwa maandishi. Sasa vuta kiti, maana kila moja ya hizo ina masharti yake.

Tuanze na sivii. Anayezichambua ana rundo mezani na anatafuta sababu ya kulipunguza. Ukimwandikia "nina usonji" humwambii kitu kukuhusu wewe, unamwambia kile anachokijua yeye. Na anajua nini? Labda mtoto wa jirani ambaye haongei na hupiga mayowe kila matatu ikipiga honi. Labda alisikia kanisani kwamba ni laana, au kwamba mama alikosea wakati wa ujauzito. Hata serikali yetu haijatusaidia kuhesabiana: sensa ya 2019 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, hata ualbino, lakini usonji haukuwa na swali lake. Kwa hiyo huyo mchambuzi wa sivii atajaza pengo kwa hofu, na wewe hutakuwepo chumbani kumjibu.

Usidhani hofu hiyo ni ya Nairobi tu. Uingereza walifanya uchunguzi wa kitaifa, ripoti yake ikatoka 2024, na ikaonyesha kwamba kati ya watu 10 wenye usonji walio na umri wa kufanya kazi, ni kama 3 tu wenye ajira. Hiyo ni nchi ambayo sheria yake ya 2010 humzuia mwajiri, isipokuwa kwa sababu chache, kuuliza habari za afya kabla hajakupa kazi. Kama huko mlango ni mwembamba hivyo, huku kwetu usiuzibe kwa mkono wako mwenyewe.

Najua kuna watakaonijibu kwamba nafundisha watu kujificha. Wapo Wakenya wanaosema waziwazi, kama Karen Muriuki, mtetezi wa haki za watu wenye ulemavu, ambaye hafichi kwamba ana usonji, na nawaheshimu sana kwa kutufungulia njia. Lakini kutetea haki hadharani ni kazi aliyoichagua mtu. Wewe umechagua kuhesabu mabati na misumari. Hudaiwi kuwaelimisha watu wa kampuni usiyoijua kabla hata hawajakuita kwa jina.

Sheria inasemaje? Inasema vizuri, tatizo ni pale inapoanzia kukufikia. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inarudia hilo na inamtaja pia anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Halafu ina meno ambayo wengi hawayajui: ukimshtaki mwajiri kwa ubaguzi, yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Lakini niambie, ni nani ameshawahi kupokea barua inayosema "tumekunyima kazi kwa sababu ya usonji"? Hapa mjini ukikosa kazi unapata kimya. Hupigiwi simu, huandikiwi, unakaa ukikagua barua pepe mpaka mwezi unaisha. Na kimya ni vigumu kukipeleka mahakamani. Ukishakuwa ndani, una barua ya kazi, una msimamizi mwenye jina, una ujumbe uliotumwa tarehe fulani. Hapo sheria ina pa kushika. Ndiyo sababu nasema subiri barua.

Kazi za umma ni habari nyingine, na hapa nataka mnisikilize kwa makini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Serikali kuu na kaunti ndizo zinazoulizwa hesabu hiyo mara kwa mara, ndiyo maana matangazo yao huwaalika watu wenye ulemavu waombe, na fomu zao huuliza swali hilo pamoja na nambari ya usajili. Hapo kusema kuna faida unayoweza kuigusa. Ila ukijibu ndiyo bila nambari, umejianika bure. Nambari hiyo hutoka NCPWD, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa na kujaziwa ripoti katika hospitali iliyoidhinishwa. Siku hizi maombi hupitia eCitizen, ule mtandao wa serikali. Kama unafikiria kazi ya umma mwaka huu au ujao, anza sasa, kabla ya tangazo, maana tangazo huwa na siku chache na foleni ya hospitali haijui hilo.

Mpo pia mnaojitambua tu, hamjawahi kupimwa. Mmesoma kwenye simu, mmeona maisha yenu yote yameandikwa pale, na kupimwa kwa daktari wa kibinafsi ni pesa ambazo nyumbani zina kazi nyingine. Sitawaambia mnajidanganya. Nitawaambia tu kwamba mbele ya mwajiri neno lisilo na karatasi ni jepesi, kwa hiyo msilitumie. Tumieni njia ya mahitaji, ambayo nitaifikia, kwani haihitaji cheti cha mtu yeyote.

Kuna msomaji aliyeniuliza kama si busara kusema mapema ili apate msamaha wa kodi. Hesabu kwanza, mpenzi. Ni kweli mwenye kadi ya NCPWD anaweza kuomba KRA, mamlaka ya kodi, isimtoze kodi ya mapato kwenye mshahara hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Lakini mshahara wa shilingi 24,000 tayari haukatwi PAYE, yaani hiyo kodi ya mshahara, kwa sababu ile nafuu ya shilingi 2,400 ya kila mwezi inaimaliza. Ukianza na 26,000 au 28,000, unachookoa ni kidogo sana. Anayelipwa 60,000 hapo sawa, anaokoa maelfu kila mwezi. Na jueni kwamba cheti cha msamaha lazima kimfikie anayetayarisha mishahara ili aache kukukata, kwa hiyo kukileta ofisini ni kusema, hata kama hukufungua mdomo. Amua ukijua hivyo. Tena hakikimbii: unaweza kukiomba ukiwa na mwaka kazini na watu wameshakujua.

Sasa mahojiano, ambayo ndiyo yanayowanyima usingizi. Mwenye usonji mara nyingi hashindwi na kazi, anashindwa na ile nusu saa ya kuizungumzia. Unaingia, wamekaa watu wanne, kila mmoja anatabasamu kivyake, wa kwanza anasema "hebu tueleze kukuhusu" na akili inauliza: nianzie wapi, kuzaliwa? Kiti kinalia, feni inalia, na wewe umefika ukiwa umeshapigwa na muziki wa nganya, zile matatu za kelele, kutoka Umoja mpaka Muthurwa.

Yapo mambo unayoweza kuyaomba bila kutaja usonji, na hakuna atakayeshangaa, kwa sababu mwombaji yeyote makini huyauliza. Ukipigiwa simu ya kuitwa, jibu kwa ujumbe: nashukuru, naomba kujua nitakutana na watu wangapi, itachukua muda gani, na kama kuna mtihani wa kuandika. Basi. Umeshapunguza nusu ya giza. Siku moja kabla, nenda mpaka getini, ujue ni geti gani na askari anataka kitambulisho au la. Asubuhi ya mahojiano toka mapema, subiri matatu iliyotulia ziache za kelele zipite, ufike ukiwa na muda wa kukaa kimya mahali. Swali la "kukuhusu" liandikie jibu la sentensi nne: ulichosomea, ulichowahi kufanya, unachokifanya vizuri, kwa nini hapa. Likariri. Hakuna dhambi katika kukariri, hata wabunge hukariri.

Na macho. Sisi wengi tumelelewa kwamba kijana hamkodolei mkubwa macho, kuinamisha uso ni heshima. Halafu unaingia ofisi za Upper Hill unaambiwa asiyekutazama machoni anaficha kitu. Wenye usonji wanabeba mzigo huo mara mbili. Tazama kati ya nyusi za anayeuliza, au shika daftari uandike swali linapoulizwa. Anayeandika hadaiwi macho. Ukiona swali halieleweki, sema, "Naomba urudie, nataka nikujibu sawasawa." Hilo husikika kama umakini, na ni umakini kweli.

Wakikuuliza moja kwa moja, "Una ulemavu wowote au hali yoyote ya kiafya?" usidanganye. Uongo ulioandikwa kwenye fomu unaweza kurudi kukufukuzisha kazi miaka baadaye, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea. Jibu hivi: "Nina hali isiyonizuia kufanya kazi hii. Nikipata nafasi nitaeleza kinachonisaidia kuifanya vizuri." Kisha urudi kwenye stoo, useme unavyopatanisha hesabu ya rafu na ya daftari. Wakizidi kubana, hiyo nayo ni habari kuhusu mahali hapo.

Jambo moja msifanye: msijiuze kama majeniasi. Imeenea dhana kwamba kila mwenye usonji ni kompyuta inayotembea. Ni kweli Thorkil Sonne wa Denmark, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne mwaka 2004 kuwaajiri watu wa namna hiyo kupima programu za kompyuta, na wazo hilo limesambaa nchi nyingi. Vizuri. Lakini mwajiri akikuajiri kwa sababu ya miujiza, siku utakayokosea hesabu ya kawaida atajiona ametapeliwa.

Haya, mama wa Jericho, karibu. Na si wewe peke yako, ni nyinyi nyote: mashangazi, wajomba, mapasta, wenyekiti wa chama. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya maofisi makubwa hudhani kwamba mtafuta kazi ndiye anayeamua nani ajue. Mitaa yetu ya Eastlands haiko hivyo. Huku kazi nyingi hupatikana kwa kujuana. Mjomba anamjua meneja wa ghala Embakasi, shangazi anasali na mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Na anayekutafutia kazi ndiye anayekutangaza, kwa nia njema kabisa: "Ni kijana mzuri, ila ana ile hali, mnajua, mumvumilie." Umemmaliza. Kijana anaripoti Jumatatu na kila mtu, kuanzia askari wa geti, anamwongelesha polepole kama mtoto. Hakupewa nafasi ya kuonekana kwanza akifanya kazi.

Mama, najua ulivyohangaika. Wale watoto waliopita kwenye kitengo cha usonji cha City Primary pale Ngara, kilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, leo ni watu wazima wenye vitambulisho. Ulipigania nafasi ya darasa kwa kumweleza kila mtu hali ya mwanao, na ilibidi. Kazini, mwenye kueleza ni yeye. Akikuomba umsindikize mpaka getini, msindikize, ubaki nje. Na wewe kijana, kabla mjomba hajapiga simu, mwambie kwa heshima: "Mjomba, nashukuru. Naomba uwaambie nimesoma nini na ninafika kwa wakati. Hayo mengine nitayasema mwenyewe." Sema naye ana kwa ana ikiwezekana, na umpe la kusema badala ya kumwachia pengo. Mtu mzima akipewa maneno huyatumia.

Tuseme barua ya kazi imefika. Sasa unasema, na unasema kabla ya kipindi cha majaribio au mwanzoni mwake, usingoje mambo yaharibike. Sababu ni hii: sheria inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na katika muda huo mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba. Ukikaa kimya, kisha msimamizi akalalamika kwamba hujibu salamu na unakasirika ukibadilishiwa zamu, halafu ndipo useme, itasikika kama kisingizio, na mwajiri atasema hakujua. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa asichokijua.

Mwambie nani? Yule mwenye uwezo wa kubadilisha kitu: meneja wa wafanyakazi kama yupo, au msimamizi wako wa karibu. Mmoja. Rafiki uliyekula naye githeri wiki ya kwanza hayumo kwenye orodha. Na jina la hali lisitembee peke yake, lifuatane na ombi dogo linalotekelezeka. Unaweza kuandika hivi, kwa Kiingereza ikiwa ndiyo lugha ya ofisi:

"Nashukuru kwa nafasi hii na nitaripoti Jumatatu. Nina hali inayoitwa usonji. Haipunguzi uwezo wangu wa kuhesabu na kutunza kumbukumbu za stoo. Ili nifanye kazi vizuri naomba mambo mawili: maagizo mapya niandikiwe, hata kwa ujumbe wa simu, na meza yangu isiwe karibu na mlango wa kupakia mizigo. Naomba habari hii ibaki kati yako na msimamizi wangu."

Ona hakuna kuomba msamaha mle, wala historia ya utotoni. Sentensi ya mwisho ina nguvu ya sheria nyuma yake: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na mwajiri hana ruhusa ya kuisambaza apendavyo. Ujumbe huo uhifadhi mahali pako, si kwenye kompyuta ya kazini tu. Na kama unahitaji kuingia saa moja badala ya saa mbili ili uukwepe msongamano wa Jogoo Road, hilo liombe tu kama mfanyakazi yeyote. Usitumie usonji pale sababu ya kawaida inatosha.

Je, wale wa kibarua? Wale wanaosimama kwenye mageti ya viwanda asubuhi, au wanaotafuta kibarua Gikomba na jua kali ya Kamukunji, hakuna barua, hakuna meneja wa wafanyakazi, na kazi ya leo si ya kesho. Kwenu sina maneno mengi. Jina la hali halitakusaidia pale. Tafuta fundi mmoja anayekuelewa na umshike, fanya naye kazi ile ile, zungumza naye kwa mahitaji: "Nionyeshe mara moja, nitaifuata. Ukibadilisha, niambie kwanza." Mafundi wazuri wanaheshimu anayefuata kipimo.

Na ukisema, kisha ukaona mambo yamegeuka, umeondolewa stoo ukapelekwa kufagia, au majaribio yamekatizwa wiki moja baada ya ujumbe wako, usiondoke kwa hasira na kimya. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa. Omba sababu kwa maandishi. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko ya namna hiyo, Kituo cha Sheria husaidia wasio na pesa za wakili, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo kwa ajili hiyo. Si kila kesi itashinda na si kila mtu ana pumzi ya kuifuata. Ukiamua kutafuta kazi nyingine badala ya kesi, hilo nalo ni uamuzi wa mtu mzima.

Neno langu la mwisho nawapa wenye maduka pale Mutindwa, wasimamizi wa maghala, mameneja wa supamaketi za Buruburu na Donholm mnaosoma kona hii. Mfanyakazi akikuletea siri hiyo, mwulize swali moja tu, "Nikufanyie nini ili ufanye kazi vizuri?" Kisha mfanyie, na usiipeleke kwenye chai ya saa nne.